Jua Lilipotoka, Tukarudi: Kutoka Kahawa West hadi Bonde la Teleki

Jumamosi, Kahawa West

Safari yetu ya Mlima Kenya ilianzia kwenye lundo la mchanga.

Nyuma ya nyumba tunayokaa kuna ploti inayojengwa ghorofa, na katikati ya wiki mwenye ploti alikuwa ameletewa mchanga wa mto, lori mbili za tani ishirini ishirini. Mvua za vuli zilikuwa zimeunyeshea usiku kucha mpaka ukashikana. Shemeji alikwenda kumwomba mlinzi ruhusa, akarudi anafurahi.

"Ukiwa umelowa hivi ndio unatufaa," akasema. "Theluji iliyoporomoka, ikishasimama, inashikana kama zege. Tukijifunzia kwenye mchanga mkavu tutajidanganya."

Shemeji, mume wa dada yangu, alifanya kazi majira sita ya baridi kule Innsbruck, Austria, katika nyumba ya wageni wanaokwenda milimani kuteleza kwenye theluji. Huko hakuna anayetoka nje ya njia zilizokaguliwa bila vitu vitatu, na hivyo vitatu alirudi navyo Nairobi. Cha kwanza ni redio ndogo inayofungwa kifuani chini ya jaketi, ambayo muda wote inatoa mawimbi ya kilohezi 457. Mwenzako akifukiwa na theluji, unaigeuza ya kwako iwe ya kutafuta, nayo inakuonyesha mshale na namba ya mita zilizobaki: arubaini, ishirini na tano, tisa, tatu. Cha pili ni ufito mwembamba wa aluminiamu unaokunjwa kama fito za hema, ambao ukiunganishwa unapita mita mbili. Cha tatu ni beleshi.

Tulijaza gunia nguo kuukuu, tukaweka redio moja ndani, Shemeji akalifukia kina cha mita moja huku sisi tumegeuka ukutani. Sisi ni mimi na rafiki yangu wa Umoja, fundi wa magari ambaye kila mtu humwita Fundi tu. Shemeji akabonyeza saa ya simu.

Tulilipata eneo kwa dakika nne. Nilichoma ufito kila hatua ndogo, nikitoka katikati kwenda nje kwa mzunguko, hadi nikagusa kitu laini kinachorudisha ufito juu. Ukishaihisi tofauti ile kati ya mchanga na gunia, mkono hauisahau. Tukaanza kuchimba. Tulichimba moja kwa moja kutoka juu, na kila beleshi tuliyotoa, nusu yake ilituporomokea tena shimoni. Tulipolitoa gunia, saa ilisoma dakika ishirini na moja.

Shemeji hakutusimanga. Alikaa juu ya tofali akatueleza taratibu. Mtu aliyefunikwa kabisa, akifukuliwa ndani ya dakika 10, nafasi ya kumkuta hai inazidi tisa kwa kumi. Ikifika dakika 30, nafasi hiyo imeshuka hadi karibu tatu kwa kumi. Wengi wanaokufa baada ya hapo hawauawi na baridi, wanakosa hewa. "Kule Innsbruck kwenye helikopta nyingi, bado anayekuokoa ni mwenzako aliyesimama karibu nawe. Sembuse kule Mlima Kenya, Bonde la Teleki."

Akatuonyesha: usichimbe juu ya mtu. Acha ufito umesimama pale ulipomgusa, shuka upande wa chini wa mteremko, chimba ukimwendea kwa ubavu. "Mnafungua mlango. Hamchimbi kisima." Mara ya pili dakika kumi na sita. Mara ya tatu, mikono imeota malengelenge, dakika kumi na mbili. Giza likaingia.

Jumapili na Jumatatu

Mvua. Thika Road ilikuwa mto. Nilipita Gikomba kutafuta suruali ya pili isiyopitisha maji, nikapata nzuri kwa bei ya chini kuliko nilivyotarajia.

Watu kazini wameniuliza swali moja, na ni halali: maporomoko ya theluji, Kenya? Nijibu hapa. Mlima Kenya si Alpi. Hapa hakuna miezi mitano ya theluji, wala vijiji vilivyojengwa chini ya miteremko. Poromoko kubwa si jambo tunalolisikia. Lakini theluji haiulizi iko nchi gani. Inahitaji mteremko mkali, theluji nyingi iliyoanguka au kusombwa na upepo kwa muda mfupi, na tabaka dhaifu chini yake. Juu ya mita 4,500, baada ya wiki ya vuli kama hii, vyote vitatu vinaweza kukutana mahali pamoja. Na wengi wetu tunaotoka Nairobi wikendi hatujawahi kufundishwa kuvitambua.

Jumatatu usiku nilimpigia simu Mzee, mwongozaji wetu wa Naro Moru. "Theluji imeshuka mpaka kambi ya Mackinder's, binti yangu. Njooni, lakini njooni na subira."

Jumanne, Nairobi hadi Met Station

Steji ya Tea Room saa kumi na moja alfajiri. Sagana, Karatina, Kiganjo, na mawingu yamefunika mlima wote hata chini yake haionekani. Naro Moru tulikunywa chai ya maziwa na mandazi, tukakutana na Mzee na kijana wake wa kubeba mizigo, tukapanda gari hadi geti la mbuga, mita 2,400 hivi, kisha matope mpaka kambi ya Met Station, mita 3,050.

Mzee amepanda mlima huu miaka thelathini na moja. Shemeji alipomwonyesha redio ile aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akauliza betri zake ni za aina gani, zinakaa saa ngapi, na kama baridi inazimaliza. Sijasikia maswali bora zaidi ya hayo. Kisha akasema, "Sisi tunatazama upepo umelala wapi." Usiku huo Shemeji aliniambia kwamba sentensi ile ndiyo nusu ya kozi aliyolipia Austria.

Jumatano, hadi Mackinder's

Juu ya msitu kuna kile wanachokiita Vertical Bog, kinamasi kilichosimama wima. Saa tatu za kuvuta mguu mmoja huku mwingine ukizama. Mvua ilitupiga hadi mita 3,900 hivi, halafu bila kutangaza ikawa kimya. Nilidhani imeacha. Nilipoinua kichwa nikaona matone yamegeuka kuwa vipande vyeupe vinavyoshuka polepole.

Fundi hakuwa ameona theluji maishani mwake. Alivua glavu moja, akakinga kiganja, akasimama hivyo kwa muda mrefu, mtu mzima mwenye ndevu. Kwenye mfuko wa jaketi lake alikuwa amebeba bendera ndogo ya Kenya. Binti yake wa darasa la tano ndiye aliyempa, baada ya kusoma shuleni habari za Kisoi Munyao, aliyepandisha bendera yetu kwenye kilele cha Point Lenana Desemba 1963. Fundi alikuwa ameweka akiba miezi kumi na moja kwa ajili ya safari hii. Naandika hayo kwa sababu yatakuja kuwa na uzito siku mbili mbele.

Mackinder's, mita 4,200. Mafuta ya jiko yalichelewa kushika moto. Miti ya senesio ilikuwa imefunga majani yake kama inavyofanya kila jioni, na juu ya kila kichwa kulikuwa na kofia ya theluji. Upepo wa mashariki ulianza saa mbili usiku.

Alhamisi, Mackinder's

Hatukwenda popote. Iliendelea kuanguka, na upepo ukaendelea kuibeba.

Siku ya kukaa kambini ni ndefu, na mazungumzo ndiyo chakula chake. Shemeji alitusimulia Galtür, kijiji cha jimbo la Tyrol. Februari 1999 theluji iliangukia huko karibu mwezi mzima, barabara zikafungwa, wageni wakakwama hotelini. Tarehe 23 mlima uliokuwa juu ya kijiji ukaachia, na watu 31 wakafa, wengine wakiwa ndani ya nyumba zao. Aliposimulia alikuwa anakunjua na kukunja kitambaa cha miwani. Mwenye nyumba aliyomfanyia kazi alikuwa na jamaa kule.

Mzee naye akatupa ya kwake, na nilishangaa jinsi ilivyomgusa Shemeji. Septemba 1970 daktari kijana wa Kiaustria, Gerd Judmaier, alianguka na kuvunjika mguu karibu kabisa na kilele cha Batian. Waokoaji wa hapa Kenya walipanda na kuhangaika naye kwa siku nyingi katika baridi ile. Helikopta iliyojaribu kusaidia ikaanguka na rubani wake, Jim Hastings, akafa. Mwishowe kikosi cha wapanda milima kikasafiri kwa ndege kutoka Innsbruck, wakamteremsha akiwa hai. Kibanda cha Austrian Hut kilichoko juu yetu, mita 4,790, kilijengwa kwa msaada wa Waaustria baada ya uokozi huo.

"Innsbruck?" Shemeji akauliza mara mbili. Majira sita ya baridi aliishi mji ule na hakuna aliyewahi kumwambia. Akanyamaza. Kisha akasema angependa kulala kibanda kile hata usiku mmoja.

Jioni, kati ya mawingu mawili, tuliona ukuta wa mteremko tunaotakiwa kuupanda kwenda Austrian Hut. Ni changarawe na mawe siku za kawaida, unapanda hatua mbili unarudi moja. Sasa ulikuwa mweupe, laini, umevimba kama mto wa kulalia. Mzee aliutazama akaelekeza kidole. "Upepo umetoka kule nyuma. Umebeba yote, umeilaza huku."

Nifafanue, kwa sababu hapa ndipo penye kiini. Mteremko ule unatazama magharibi, na upepo ulikuwa wa mashariki. Upepo hukwangua theluji upande unaoupiga na kuimwaga upande wa kujificha. Kwa hiyo kipimo cha theluji iliyoanguka kambini hakikwambii kitu. Kambini ilikuwa sentimita ishirini. Pale juu ingeweza kuwa mara tatu. Tena theluji iliyosombwa na upepo haikai kama pamba. Chembe zake huvunjikavunjika zikibingirishwa, zikitua zinashikana, zinakuwa bamba moja gumu. Bamba ndilo linaloua. Theluji laini huporomoka kutoka nukta moja na kupanuka ikishuka. Bamba hukatika mteremko mzima kwa mpigo, na mara nyingi mtu aliyelikata amesimama katikati yake.

Ijumaa

Niliamshwa na ukimya. Saa tisa usiku, nyota nyingi mno, vilele vya Batian na Nelion vimesimama juu ya bonde kama vimechongwa usiku huo huo. Nje nilikuta kundi jingine, wageni watatu na mwongozaji wao kijana, wanafunga taa za kichwani. Waliaga kwa furaha wakaondoka.

Fundi alikuwa tayari amevaa viatu.

Mzee akasema tunangoja kupambazuke tuone. Fundi akasema jua likitoka theluji italainika, kwa hiyo tuwahi. Hoja yake ilikuwa nzuri, na siku nyingine ingekuwa sahihi. Shemeji hakubishana. Alimuuliza, "Ndugu yangu, theluji imeacha kuanguka saa ngapi?" Kama saa sita usiku. "Basi ina saa tatu tu tangu itulie."

Milima ya Alpi ina desturi moja mbaya ambayo Shemeji aliirudia siku ile mpaka nikaikariri. Watu huogopa wakati wa dhoruba. Dhoruba ikiisha, anga ikawa samawati, woga unaisha nayo, na wote wanatoka siku moja. Lakini theluji mpya inahitaji muda wa kushikana na ile ya chini, mara nyingi siku moja mpaka mbili, na kama chini kuna tabaka bovu, zaidi ya hapo. Siku ya kwanza ya jua ndiyo siku ambayo mzigo ni mkubwa kuliko wakati wowote na bado haujakaa. Huko Ulaya hatari hupimwa kwa ngazi tano, na vifo vingi kuliko ngazi nyingine yoyote hutokea kwenye ngazi ya tatu, siyo ya nne wala ya tano. Ya tano hakuna anayetoka nyumbani. Ya tatu inaonekana kama siku nzuri.

Saa kumi na mbili na nusu tulipanda hadi chini ya mteremko, Mzee mbele, mita kumi na tano kati ya mtu na mtu, redio zimewashwa. Redio ni tatu na sisi ni watano. Shemeji alimvika Mzee moja na Fundi nyingine, ya tatu akanifunga mimi, yeye na kijana wa mizigo wakabaki nyuma kwenye tambarare.

Nyayo za wale wanne zilikuwa zimepanda moja kwa moja, safi kabisa, zinapotelea juu. Fundi alizionyesha. "Watu wamepita, Mzee."

Mzee hakujibu. Aliinua fimbo akailinganisha na mteremko uliokuwa juu yetu, nikaweka simu juu yake kusoma pembe: digrii 36. Maporomoko mengi ya mabamba huanzia kati ya digrii 30 na 45. Chini ya hapo mteremko umelala mno. Juu ya hapo theluji haipati nafasi ya kujaa, inamwagika kidogo kidogo. Digrii 36 iko katikati ya mbaya.

Nilipiga hatua tatu kando kumpisha Mzee arudi. Ya tatu ndiyo iliyosema. Sijui kuiandika sauti ile. Ni kama gunia la mahindi limetupwa kwenye sakafu ya chumba cha pili. Niliisikia kwenye magoti kabla ya masikio, na theluji yote iliyonizunguka ikazama, labda upana wa kidole, pamoja nami. Hakuna kilichosogea. Ufa mwembamba ulikimbia kutoka kwenye kiatu changu kama mita nne, ukasimama.

"Usitembee," Shemeji akaita kutoka chini, bila kupaza sauti sana. "Rudi kwenye nyayo zako mwenyewe. Taratibu, dada."

Nilirudi. Nilipofika kwenye mawe nilikaa na kugundua nimeshika mkanda wa redio kwa nguvu mpaka vidole vimekufa ganzi.

Sauti ile ni tabaka la chini likivunjika. Pale nilipokuwa hapakuwa na mwinuko wa kutosha wa kulivuta bamba chini. Hatua ishirini juu zaidi, ulikuwepo.

Shemeji akachimba shimo pale pembeni penye usalama. Alinyoosha ukuta wake kwa beleshi, akakata nguzo ya theluji iliyosimama peke yake, sentimita 30 kwa 30, akalaza beleshi juu yake. Kwanza unapiga mara kumi kwa vidole, ukikunja kifundo cha mkono tu. Kisha kumi kwa mkono kuanzia kiwiko. Kisha kumi kuanzia begani. Tulihesabu kwa sauti wote watano. Kumi za kwanza, kimya. Kumi na moja. Kumi na mbili, na sehemu ya juu yote, sentimita 55, ikateleza ikatoka nje ya ukuta kama ugali unavyoteleza kutoka kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Pale ilipokatika palikuwa pamenyooka kama meza.

Nikaingiza mkono chini ya mkato. Pale palikuwa na theluji ya wiki iliyopita, lakini haikuwa theluji tena. Zilikuwa chembe kubwa, kavu, zinazong'aa, hazishikani. Ukizikamata zinamwagika kati ya vidole kama sukari. Hivyo ndivyo usiku wa baridi kali na anga tupu unavyoigeuza theluji: mvuke unapanda kutoka kwenye joto la chini kwenda kwenye baridi ya juu, na chembe zinajengeka upya zikiwa na pembe, bila kushikamana. Mlima wetu, wenye mchana kama kiangazi na usiku kama kipupwe, unajua kuzitengeneza.

Nikapiga hesabu kwenye daftari, kwa sababu hesabu ndiyo kazi yangu. Kipande cha mteremko cha mita 20 kwa 20, unene nusu mita, ni mita za ujazo 200. Theluji iliyopigwa na upepo, tuseme kilo 200 kwa mita ya ujazo. Tani 40. Lundo lote la mchanga wa Kahawa West, lori zote mbili, kwa kipande kisichozidi uwanja mdogo wa kuchezea watoto.

"Nyayo," Fundi akasema tena, polepole zaidi.

"Nyayo zinakuonyesha walipokanyaga wao," Shemeji akamjibu. "Bamba linaweza kumbeba wa kwanza na wa nne, likavunjika chini ya wa tano, kwa sababu amekanyaga karibu na jiwe ambapo ni jembamba."

Mzee alikuwa ameshaanza kufunga begi. "Nyumbani kwenu wamenikabidhi watu watatu," akasema. "Tunashuka." Hapakuwa na kura.

Sasa naandika sehemu ambayo nimeifikiria kuliko zote. Saa sita mchana, wale wageni watatu na mwongozaji wao walirudi kambini. Wazima, wamechomwa na jua, wanacheka. Walikuwa wamefika Lenana, mita 4,985, peke yao, hakuna wingu. Walituonyesha picha. Waliteremka kwa mteremko ule ule, wakikimbia, na mteremko haukufanya lolote. Haukufanya lolote siku nzima. Saa nane kilele cha Point John kilianza kumwaga theluji, vijito vyembamba vya vumbi jeupe kutoka kwenye miamba, na mawe mawili matatu yaliyolegezwa na jua yakashuka yakipiga kelele. Mteremko wetu ulibaki pale pale, mweupe, mzuri.

Fundi alizitazama picha zile zote, akarudisha simu ya mwenyewe, akasema ahsante, akaingia ndani. Hakula mchana.

Na mimi nilitamani mteremko ule uanguke. Nakiri. Nilitaka uanguke bila mtu ili Fundi aone, ili nami nione. Nilimwambia Shemeji jioni, tukiwa tumekaa nje tumejifunika mablanketi. Akasema hilo ndilo somo gumu kuliko mashimo na redio. Mlima hausahihishi daftari lako. Ukipita mteremko mbovu ukarudi salama, unajiona umejua. Unapita tena. Alimjua mwongozaji kule Tyrol aliyepita mahali pamoja miaka kumi na minne. Hakumalizia, nami sikumuuliza.

Yule mwongozaji kijana alikuja baadaye kuomba sukari ya chai. Mzee alimkalisha, akamwonyesha ufa niliouacha, kwa picha ya simu. Walizungumza Kikikuyu kwa sauti ya chini kwa karibu nusu saa. Kijana alipoondoka alisahau sukari.

Jumamosi, kushuka

Mita 3,600 theluji iliisha, matope yakaanza. Fundi alitembea mbele, peke yake, mpaka Met Station. Hapo alinikuta nafungua viatu, akakaa kando yangu.

"Ile sauti," akasema. "Mimi niliisikia pia. Nilikuwa mita kumi na tano nyuma yako nikaisikia chini ya miguu yangu." Alinyamaza. "Nilitaja nyayo tena kwa sababu nilikuwa nimeisikia."

Hatukuongeza neno. Alitoa bendera mfukoni, imelowa, akaianika kwenye kamba ya hema la kijana wa mizigo.

Jumatatu, Nairobi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilipanda juu ya paa kuanua nguo. Mvua ilikuwa imesafisha anga yote. Kaskazini, mashariki kidogo, mbali kabisa kupita nguzo za umeme, mlima ulikuwa wazi, mdogo kama kipande cha kucha, na ncha yake nyeupe. Nilimwita Shemeji. Tulisimama na nguo mikononi hadi mawingu ya saa mbili yalipoanza kupanda. Alisema Mzee amempigia: kama haitaanguka tena, wiki ya pili ya Januari.

Jumamosi iliyofuata Fundi alikuja Kahawa West bila kualikwa, na beleshi la gereji. Sehemu ya mchanga ilikuwa imeshakuwa ukuta wa ghorofa ya kwanza, lakini uliobaki ulitosha. Binti yake alikuja naye, akapewa simu ashike saa. Fundi akamwomba Shemeji afukie gunia kina zaidi ya mara ile, mita moja na nusu, akageukia ukuta, akafumba macho.

Dakika tisa na sekunde kumi na nane. Mtoto alituonyesha simu, kisha akauliza kama na yeye anaweza kujaribu.